Matumbawe Chini ya Mabati Mapya

Jumatatu asubuhi, kabla chai haijachemka, nilikuta nyundo imejifunga.

Nyundo ni tumbawe letu kubwa. Tuliliita hivyo kwa sababu ncha za vidole vyake zimekaa kama nyundo ndogo za fundi viatu, rangi ya kijani kibichi. Siku zote taa ikiwaka lilikuwa linatoa vidole vyote na kuvipunga majini kama mama wa sokoni anayeita wateja. Asubuhi hiyo lilikuwa limerudisha kila kitu ndani. Kilichobaki nje kilikuwa mifupa yake ya mawe na ukingo mwembamba wa nyama, kama ufizi wa mtu aliyeng'olewa meno. Chini, juu ya mchanga, konokono wawili walikuwa wamelala chali. Niliwageuza kwa kijiti. Mmoja alijivuta kidogo. Wa pili hakuwa na habari na mimi.

Nikajiambia, wewe hujaamka vizuri. Nikaenda kunawa uso, nikarudi. Bado.

Lazima nieleze, maana mtu akisikia kuna bahari sebuleni, Kakamega, anaweza kudhani naota. Mume wangu huendesha lori. Hupakia mahindi Lubao, hushusha Mombasa, na akirudi, pamoja na mizigo ya watu, huleta mitungi ya plastiki iliyojaa maji ya bahari. Vijana wa bodaboda hapa stendi wamemcheka mpaka wamechoka. "Kakamega kunanyesha kila jioni, na huyu mzee anaenda kuchota maji Mombasa!" Yeye hujibu kwamba hata ng'ombe wana maji yao na samaki wana yao. Maji hayo humwaga ndani ya kisanduku kikubwa cha kioo kilicho ukutani karibu na kabati la vyombo, chenye taa juu, pampu ya kuyazungusha na chuma kidogo kilichofungwa ndani ya kioo cha kuyapasha joto. Ndani mna samaki wanne wa rangi ya chungwa, konokono wa kusafisha kioo, na matumbawe.

Matumbawe hayo alipewa na fundi mmoja wa huko pwani, mtu mwenye kibali cha kuyafuga. Huyakata vipande kutoka kwenye yale aliyoyalea mwenyewe, kama sisi tunavyokata mbegu ya muwa. Vipande vidogo alimuuzia mume wangu. Nyundo hakuiuza. Alimpa kwa urafiki, kwa neno moja tu: mkishindwa naye, arudi kwangu akiwa hai.

Neno hilo ndilo mume wangu alilonikumbusha nilipompigia simu. Alikuwa njiani, kelele za barabara zimejaa sikioni.

"Mama watoto, sikia. Alhamisi niko nyumbani. Jumamosi napakia tena. Kama nyundo haijafunguka, naenda nayo kwa mwenyewe."

"Jumamosi hii?"

"Hii hii. Afadhali iishi kwake kuliko ife kwetu."

Alikuwa na haki, na bado nasema alikuwa na haki. Lakini moyo wangu ulianguka kama wale konokono. Yeye huleta maji, ni kweli, ila anayeamka nayo ni mimi. Mimi ndiye najua kwamba nyundo huanza kufunguka upande wa dirisha, na kwamba uyoga, tumbawe dogo la kahawia, hukasirika samaki akimkalia. Nyundo ikiondoka nilijua hivi vingine vitafuata kimoja kimoja, na kioo kitabaki kitupu. Na mwenye kukihitaji kioo kitupu alikuwa tayari. Wifi yangu, dada ya mume wangu, ambaye nyumba yake imepakana na yetu na huuza samaki wa kukaanga soko la Khayega, alishasema kisanduku kile kingemfaa sana kuwekea mandazi.

Aliingia wakati bado nimeinamia kioo.

"Mke wetu, mbona uso umeanguka? Nani amefariki?"

"Hakuna. Nyundo inaumwa."

Akaja akasimama, mikono kiunoni. "Hii jiwe?"

"Si jiwe. Ni mnyama. Mawe ni mifupa yake."

"Sawa. Na mnyama wa mawe akiumwa anapelekwanga hospitali gani? Ya rufaa ama hapa kwa dispensari?" Akacheka peke yake, kisha akaniona sicheki, akavuta kiti. "Haya. Tuanze. Imekula nini?"

Hapo ndipo ninampendea wifi. Atakudhihaki mpaka mlangoni, akishaingia anakunja mikono ya gauni.

Tulianza na chumvi. Nina kipimo cha kioo kinachoelea, unakitia majini na kusoma mstari. Mimi niliacha shule darasa la saba, na kila nikisoma mstari ule huwa nauliza mara mbili kama macho yangu yanasema kweli. Nikasoma. Sawasawa. Nikamwambia wifi asome. Akachovya kidole, akakilamba, akakunja uso. "Iko sawa. Hii inaweza kupika sufuria mzima ya maharagwe."

Tukapima joto. Kakamega asubuhi ni baridi ya kuvaa sweta, na nilihofu kile chuma cha kupasha maji kimekufa. Hakikufa. Taa je? Taa ilikuwa ile ile. Stima ilipotea Ijumaa mchana, lakini kwa muda mfupi tu, na pampu ilirudi kuzunguka yenyewe. Samaki walikuwa wanakula kama wamekodishwa. Nilikagua kama kuna anayeuma matumbawe. Hakuna. Kila nilichokigusa kilinijibu kwamba hakina kosa, na hapo kosa likaanza kunigeukia mimi mwenyewe. Huenda mikono yangu ilikuwa na sabuni. Huenda nililisha kupita kiasi. Huenda kitu kama kile hakikufaa kuachiwa mtu kama mimi.

Jumanne nilimpigia fundi wa pwani. Ana sauti ya taratibu, hakatizi mtu.

"Hebu n'ambie shemeji, pole pole. Samaki wazima?"

"Wazima kabisa."

"Konokono?"

"Wanaanguka. Leo wa tatu."

"Na matumbawe yamejikunja yote, ama hilo moja?"

Nilitazama. Uyoga ulikuwa umesinyaa kama kitambaa kilichokamuliwa. "Yote, ila nyundo ndiyo mbaya."

"Hapo pana kitu majini. Samaki huvumilia, konokono na matumbawe hayavumilii. Mara nyingi ni madini ya chuma. Shaba, zinki, mambo hayo. Hakuna sarafu iliyoanguka? Waya? Pini ya nywele?"

"Sijui."

"Tafuta. Na jiulize, ni nini kilichobadilika. Maji ya kuongezea watoa wapi?"

Maana maji ya bahari hupungua kila siku, yanakuwa mvuke, na chumvi hubaki. Kila asubuhi lazima urudishe maji yasiyo na chumvi, la sivyo yanazidi kuwa makali.

"Ya mvua," nikasema.

"Mvua safi?"

"Fundi! Ni mvua ya Kakamega. Hatuna moshi wa viwanda hapa."

"Basi hiyo njema. Tafuta chuma."

Nilimwambia wifi. Nikaona mkono wake umepanda sikioni. Hereni yake moja ilipotea wiki kadhaa zilizopita, na yeye, nikisema kweli, alikuwa na tabia ya kutia mkono mle ndani kuwatekenya samaki. Mimi sikusema neno. Mume wangu, nilipomweleza kwa simu, ndiye alisema.

"Muulize huyo dada yangu hereni iko wapi."

Simu ilikuwa kwenye spika.

"Nimesikia!" wifi akapiga kelele. "Kwa hivyo mimi ndio naua mawe zenu! Mimi nauzanga samaki, siuangi!"

"Unaziuzanga zikiwa hai?" kaka yake akamjibu.

"Wewe leta maji yako na ukae kimya!"

Nilimwambia mume wangu kwamba bado hatujaona kitu, na mtu hahukumiwi kwa kukosa hereni. Kisha nikanawa mikono kwa maji matupu, bila sabuni, nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, nikapapasa mchanga wote. Nyuma ya mawe. Chini ya pampu. Wifi alikuwa amenishikia tochi, ameuma midomo, anapumua puani. Tulitoa gamba la konokono, kipande cha plastiki na punje moja ya mahindi ambayo hata leo sijui ilifikaje. Hereni hapana. Jioni hiyo hiyo aliipata ndani ya mfuko wa koti lake la kanisani, akaja kunionyesha akiwa ameinyoosha mbele kama askari aliyekamata mwizi. Alimpigia kaka yake pia. Sitaandika alichomwambia.

Kwa hiyo ndani hapakuwa na chuma. Nilitazama na kutazama, na kila nilipotazama nilitazama ndani.

Jumatano jioni tulikuwa na wageni wa maombi, na wifi alirudi mapema sokoni tupike pamoja. Obusuma, yaani ugali wetu, kuku mmoja, na majani ya kunde. Kwetu kunde hazipendezi kwa chumvi ya duka. Zinataka musherekha. Unachoma maganda makavu ya maharagwe, majivu unayaweka ndani ya kopo lililotobolewa chini, unamimina maji juu, unasubiri. Yanayodondoka chini hayafanani na uliyomimina. Yana rangi ya chai ya rangi na ukali wa kushika ulimi, na kunde zikikutana nayo zinalainika zenyewe.

Mimi nilikuwa namimina, wifi anachambua kunde, anasimulia habari ya mteja aliyetaka kichwa cha samaki kwa bei ya mkia. Nilikuwa nasikia nusu. Macho yangu yalikuwa kwenye lile tone. Maji yalipanda juu ya majivu yakiwa maji. Yakapita. Yakashuka yakiwa na nguvu ya majivu. Hakuna aliyeyaambia yachukue kitu. Ndiyo kazi ya maji, yakipita mahali hayatoki mikono mitupu.

Nikainua kichwa. Juu ya jiko, juu ya nyumba, yalikuwa yanang'aa kwa jua la jioni hata usiweze kuyakodolea macho: mabati yetu mapya.

Mabati yale tuliyaezeka baada ya msimu wa miwa. Akina mama wa kanisa walikuja kuyaombea. Ya zamani yalikuwa yameliwa na kutu, yanavuja mahali tulipopajua kwa majina, chini ya kila tundu sufuria yake. Haya mapya mume wangu aliyapigilia mwenyewe pamoja na fundi wa paa, na alipomaliza alikaa juu yake kwa muda kama mtu aliyepanda farasi. Mvua ya kwanza niliiacha ipite kama watu wanavyofanya, ioshe vumbi na mafuta ya dukani. Baada ya hapo nikaielekeza tangini kama kawaida. Na kutoka tangini, kikombe kwa kikombe, kila asubuhi, kwenye kioo.

"Wifi!"

"Nini? Umeungua?"

"Mabati!"

"Mabati imefanya nini?"

"Ni musherekha! Maji yanapita juu ya mabati mapya, yanachukua nguvu ya mabati, yanashuka nayo! Na mimi naongeza kila siku! Maji yanakuwa mvuke, yanaondoka, ile nguvu inabaki! Kesho naongeza tena, inabaki tena!"

Wifi aliangalia kopo la majivu, akaangalia paa, akaangalia mimi. Jani la kunde lilikuwa limening'inia mkononi.

"Mayi wee," akasema polepole. "Mke wetu, tumekuwa tukipikia hiyo samaki supu ya mabati."

Niliacha kopo linadondoka, nikakimbilia simu. Fundi wa pwani aliposikia akacheka, na hakuwa ananicheka mimi.

"Shemeji, mabati mapya yamepakwa zinki. Mimi n'likuuliza mvua ni safi, sikukuuliza yapita wapi. Hilo tuligawane, nusu lako nusu langu."

Sasa, sitaki kuyasingizia mabati. Sisi wenyewe tulikunywa maji yale na hatukuumwa hata tumbo. Na yale ya zamani, pamoja na kutu yake yote, hayakulidhuru tumbawe lolote. Niliuliza jambo hilo, fundi akasema kutu haimsumbui sana mnyama huyu, ni ile ngozi mpya yenye kung'aa. Hata hivyo nilitaka kuona kwa macho yangu. Jikoni kulikuwa na mtungi mmoja wa maji ya bahari wa safari iliyopita, ambao haukuwahi kuonja tone la paa letu. Niliumwaga kwenye ndoo safi ya plastiki, nikaning'iniza pampu ndogo, nikaweka ndoo karibu na jiko ipate joto, nikautoa uyoga na kipande cha jiwe lake, nikauweka mle.

Wageni wa maombi walipofika waliikuta ndoo katikati ya nyumba, wakaizunguka kwa adabu. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni mgonjwa. Nikasema ndiyo. Akaiingiza kwenye maombi, na mimi niliitikia amina kwa nguvu kuliko wote.

Alhamisi asubuhi uyoga ulikuwa umejitandaza ndani ya ndoo kama chapati.

Nilipiga kelele. Wifi alikuja mbio na mwiko mkononi. Tulishikana mabega tukaruka kama watoto wa shule, wanawake wawili wazima, mbele ya ndoo. Kisha nikajikamata. Ndoo ilikuwa imesema tu kwamba maji ya kioo ni mabaya. Haikuwa imetaja mabati kwa jina. Nilimwambia wifi hivyo.

"Wewe!" akasema. "Hata shetani akiungama utamwambia alete shahidi."

Mume wangu alifika mchana na mitungi yake. Alisikiliza habari yote amesimama, kofia mkononi, kisha akatoka nje akayaangalia mabati yake kwa muda mrefu.

"Haya?" akauliza.

"Sijasema ni mabaya. Nimesema maji yake hayafai bahari."

"Kwa hiyo nimeleta mabati ya kuua matumbawe yangu."

"Umeleta mabati ya kuzuia mvua, na yamezuia."

Akakubali kwa kichwa, akaanza kushusha mitungi. Tulitoa zaidi ya nusu ya maji ya kioo na kutia mapya polepole, na ndani ya kichungi tukaweka mfuko wa mkaa aliotupatia fundi wa pwani, ule wa kuvuta uchafu majini. Mpaka jioni nyundo ilikuwa haijatoa hata kidole. Mume wangu alileta ndoo yenye kifuniko, ile ya kusafiria, akaiweka kando ya mlango.

Ijumaa nikapima chumvi, kipimo kikaelea juu ya mstari. Tangu Jumatano nilikuwa sijaongeza tone, na maji yalikuwa yanaendelea kupungua. Ya tangini sikuyataka hata kuyaona. Ya bomba yana dawa, fundi aliyakataza tangu zamani. Mume wangu, kama dereva, alitaja maji ya betri. Fundi akasema mengine huwa yametiwa asidi, usicheze. Ilibaki mvua yenyewe, ile ambayo haijagusa kitu.

Na mvua haikunyesha! Kakamega hii, ambayo ukianika nguo lazima ulale jicho moja wazi, ilikuwa kavu Jumatano, kavu Alhamisi, na Ijumaa anga ilikuwa ya buluu kama sare ya shule. Hata hivyo nilijiandaa. Uwanjani, pale tunapoanikia mahindi, mbali na paa na mbali na miti, nilisimika vijiti vinne, nikafunga karatasi kubwa mpya ya nailoni, katikati nikatoboa tundu, chini nikaweka ndoo. Kuizunguka nikapanga beseni. Wifi alileta zake mbili za sokoni, nikazinusa, nikazirudisha.

"Umezikataa?"

"Zina harufu ya samaki."

"Na hiyo kitu yako inaishi na nani? Si samaki?"

Jirani alipita nje ya ua, akauliza tunafunga turubai la matanga ya nani. Wifi akamjibu tunangoja maji. Jirani akaangalia tangi letu lililojaa pomoni, akaangalia sisi, akaenda zake bila kuuliza lingine.

Mume wangu alienda mjini kubadilisha magurudumu ya lori. Saa tisa upepo ukageuka. Niliusikia kabla sijauona, ule upepo unaotoka upande wa msitu na harufu ya majani mabichi. Wingu jeusi lilikuja haraka kama limechelewa kazini. Kisha likapasuka, na haikuwa mvua ya kawaida. Ilikuwa mvua ya mawe.

Mabati yetu mapya yalilia kama ngoma za isukuti mia moja. Usingeweza kumsikia mtu aliye karibu nawe. Mawe meupe ya barafu yalikuwa yanaruka uwanjani kama mahindi kwenye kikaango, yanaijaza ile nailoni, nailoni inainama, kijiti kimoja kinaanza kulala. Nilitoka mbio. Wifi alinifuata na beseni kichwani kama kofia ya askari, barafu inaligonga, na yeye anapiga mayowe ambayo sijui yalikuwa ya maumivu au ya furaha.

"Shika kijiti! Shika hapo!"

"Kinaninyoosha mkono!"

"Usiachilie!"

"Mke wetu, nikifa hapa, sema nilikufia jiwe!"

Tulishika kila mtu vijiti viwili. Barafu ilitupiga mabega, ikatupiga vidole. Maji yaliyeyuka katikati ya nailoni yakaanza kuteremka ndani ya ndoo, ya baridi, meupe, hayajapita juu ya kitu chochote cha mtu. Nilikuwa nacheka. Nililowa mpaka ndani na nilikuwa nacheka na sikuweza kuacha. Mvua ilipolegea tulikuwa tumejaza ndoo mbili na beseni tatu, na wifi akaokota barafu kwa kikombe akaongeza juu, "ya akiba."

Maji yalipopoteza ubaridi wake niliyatia kidogo kidogo, nikipima. Kipimo kikarudi kwenye mstari. Nyundo, saa ya kuzima taa, ilikuwa imetoa ncha tatu za kijani, ndogo kama vichwa vya viberiti.

Jumamosi asubuhi tulikaa watatu mbele ya kioo. Lori lilikuwa linangojwa Lubao, simu ya wapakiaji ililia, mume wangu akaizima. Nyundo ilikuwa imefunguka nusu. Upande wa dirisha vidole vyote vilikuwa nje vinayumba. Upande wa pili hakukuwa na kitu, mfupa mweupe tu. Yeye, kutoka pale alipokaa, aliuona upande mzuri peke yake. Ningeweza kunyamaza.

"Njoo uone huku," nikamwambia. "Tawi hili limekufa. Halitarudi."

Akainama, akaangalia. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui. Nusu ni hai. Nimekuonyesha zote mbili. Amua."

Wifi akanikanyaga mguu.

Mume wangu alisugua kidevu. "Nusu si jibu. Fundi alisema dalili ni moja tu, kwamba linakula. Linaweza kufunguka kwa kuchoka, lakini mgonjwa mwenye kula ni mgonjwa anayekaa."

Nilitoa kipande cha kamba wa baharini kwenye barafu ya friji, kidogo kama ukucha wa mtoto, nikakibandika kwenye ncha ya kijiti, nikakipeleka majini. Samaki mmoja alikuja kuiba, wifi akagonga kioo kwa kidole, "Toka wewe, hujaitwa!" Nikakiweka juu ya vidole vya kijani, nikakiachilia.

Kilikaa pale. Hakuna kilichotokea. Nikahisi machozi yanakuja na nikajiambia, ni haki, aende kwa anayejua kumtunza. Nikaanza kuvuta kijiti.

Kidole kimoja kikajikunja. Kisha cha jirani yake. Kisha vyote vya upande ule vikafunga juu ya kile kipande, taratibu, kama mkono wa mtoto mchanga unaposhika kidole chako, na katikati mdomo wake ukafunguka, mstari mdogo tu, ukakivuta ndani.

"Limekula!" wifi akapiga ukelele, kiti kikaanguka nyuma yake. "Limekula! Limekula!"

Nje ya ua jirani akaitikia kwa hofu, "Limekula nani?"

Mume wangu hakucheka mara moja. Alikuwa ameinama, pua karibu iguse kioo, midomo wazi. Kisha akainuka, akawasha simu, akampigia fundi wa pwani, si wapakiaji.

"Haiji," akasema. "Inakula. Inabaki na mama watoto." Akasikiliza. "Nitamwambia."

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema nyundo ikishapona uikate kipande, umpelekee yeye."

Nilibaki nimeshika kijiti, mkono unadondosha maji juu ya sakafu, naogopa kupumua nisije nikaishtua.